Tovuti ya kwanza ya mkulima: Picha zicheze, bando la mteja lisiishe

MFANYABIASHARA wa mazao aliyeko Kahama au Mwanza akitaka maharage ya Murusagamba, kwa kawaida ana njia mbili. Ama ampigie simu dalali anayemfahamu, ama apande gari aje kuona mwenyewe. Njia zote mbili zina gharama, na mara nyingi gharama hiyo hukatwa kwenye bei anayolipwa mkulima shambani. Ndiyo maana wazo la kikundi cha wakulima au wafanyabiashara wadogo kuwa na tovuti yao si anasa kama wengine wanavyolichukulia.

Murusagamba ni kata ya Wilaya ya Ngara, mkoani Kagera, jirani na mpaka wa Burundi. Wakazi wa Ngara hulima migomba, maharage, mahindi na mihogo. Upande wa Wilaya ya Biharamulo, vituo kama Nyakanazi, Lusahunga na Nyakahura viko kwenye barabara kuu inayopitisha malori yaendayo Rwanda na Burundi. Kwa maneno mengine, mazao yapo na magari yapo. Kinachopungua ni mnunuzi wa mbali kujua nani ana nini, kiasi gani, lini na kwa bei gani.

Hata hivyo, tovuti inaweza kuwa mlango wa soko au ukuta wa soko. Vikundi vingi vinapokwenda kwa fundi wa tovuti kwa mara ya kwanza huomba kitu kinachong'aa: picha kubwa, muziki unaoanza wenyewe, video na maandishi yanayoruka huku na huko. Fundi hutengeneza, kazi huonyeshwa kwenye kompyuta mpya iliyo kwenye intaneti ya kasi mjini, wanakikundi hupiga makofi na fedha hulipwa. Wiki moja baadaye mnunuzi aliyeko kijijini au barabarani anabofya anwani hiyo kwenye simu yake, anaona ukurasa mweupe, anasubiri kidogo, kisha anaondoka.

Makala haya yanaeleza namna ya kujenga tovuti ya kwanza ya medianuwai, yaani yenye maandishi, picha, sauti na michoro inayotembea, ambayo itafunguka hata pale mtandao unapokuwa dhaifu.

Uzito wa ukurasa ni kodi kwa mteja

Kila ukurasa wa tovuti una uzito, kama gunia. Uzito huo hupimwa kwa kilobaiti (KB) na megabaiti (MB), ambapo MB 1 ni takriban KB 1,000. Kasi ya mtandao nayo hupimwa kwa biti kwa sekunde, na baiti moja ina biti 8. Ukishajua hayo mawili, hesabu iliyobaki ni ya darasa la tano.

Tuchukue ukurasa wa MB 5, uzito ambao picha moja au mbili zilizotoka kwenye simu bila kupunguzwa zinatosha kuufikia. MB 5 ni sawa na biti milioni 40. Mahali ambapo simu inapata kasi ya biti 100,000 kwa sekunde, hali ya kawaida kwenye mtandao wa 2G, ukurasa huo utachukua sekunde 400, yaani karibu dakika saba. Kwenye mtandao wa 3G unaotoa biti milioni moja kwa sekunde utachukua sekunde 40. Ukurasa wa KB 250 utachukua sekunde 20 kwenye mtandao ule wa kwanza na sekunde 2 tu kwenye huu wa pili.

Mtaalamu wa matumizi ya kompyuta, Jakob Nielsen, aliandika mwaka 1993 kwamba sekunde 10 ndizo kikomo cha muda ambao mtu anaweza kuendelea kuelekeza akili yake kwenye jambo analolisubiri. Zaidi ya hapo huanza kufikiria mambo mengine. Mnunuzi aliyesimama Lusahunga huku lori likiunguruma hana hata hizo kumi.

Upande wa fedha ni hivyo hivyo. Mteja mwenye bando la MB 100 anaweza kufungua ukurasa wa MB 5 mara 20, kisha bando limekwisha. Ukurasa wa KB 250 angeufungua mara 400. Chukua wateja 300, kila mmoja akifungua mara tano kwa mwezi. Ukurasa mzito utawatafunia wateja hao MB 7,500 kwa mwezi, wakati mwepesi utawatafunia MB 375. Simu huweza kuhifadhi baadhi ya vitu ili visipakuliwe upya kila mara, lakini tofauti inabaki kubwa.

Kiuchumi, hapa ndipo penye mtego. Kikundi hulipa fundi mara moja, lakini uzito wa ukurasa hulipwa na mteja kila anapoingia. Kwa kuwa gharama hiyo haionekani kwenye daftari la mweka hazina, ni rahisi kuisahau. Mteja yeye haisahau. Hulipiza kwa kutorudi.

Funzo la Flash

Kuna watakaosema kwamba suluhisho ni kuachana kabisa na picha zinazocheza. Hilo nalo si sahihi. Mchoro unaotembea unaweza kumfundisha mkulima kwa nusu dakika jambo ambalo lingehitaji kurasa mbili za maandishi. Kinachotakiwa ni kuchagua teknolojia inayofaa.

Kwa miaka mingi tovuti za katuni zilitengenezwa kwa programu iliyoitwa Flash, ambayo kampuni ya Macromedia ilianza kuiuza kwa jina hilo mwaka 1996, na ambayo ilichukuliwa na Adobe mwaka 2005. Miaka ya 2000 ilikuwa fasheni kwa kampuni kuweka ukurasa wa mbele wa Flash wenye nembo inayozunguka na muziki, na kitufe kidogo cha kuruka utangulizi. Kitufe hicho ndicho kilichobofywa kuliko vyote.

Simu ya iPhone ilipoingia sokoni mwaka 2007 haikuikubali Flash. Mwaka 2011 Adobe yenyewe ilitangaza kuacha kuiendeleza kwa ajili ya simu, na tarehe 31 Desemba 2020 ikasitisha huduma zake kabisa. Tovuti zilizokuwa zimejengwa zote kwa Flash zikageuka kurasa tupu.

Funzo kwa anayeanza leo ni kwamba ajenge kwa lugha za wazi zinazosomwa na kila kivinjari bila kuongeza programu nyingine. Lugha hizo ni HTML kwa maandishi na muundo, CSS kwa mpangilio na mijongeo, na SVG kwa michoro. Hazina mmiliki mmoja anayeweza kuamka asubuhi na kuzifunga.

Bajeti kabla ya mapambo

Hakuna mkulima anayenunua mbolea bila kujua ana fedha kiasi gani. Vivyo hivyo, kabla fundi hajagusa kompyuta, kikundi kikae na kuandika bajeti ya uzito wa ukurasa wa mbele. Bajeti inayofaa kwa mazingira ya vijijini inaweza kuwa hivi:

Maandishi na mpangilio: KB 30.
Picha tatu za mazao: KB 120, yaani KB 40 kila moja.
Mchoro mmoja unaotembea: KB 40.
Amri za programu: KB 20.
Akiba: KB 40.
Jumla: KB 250.

Maandishi yatumie herufi zilizomo tayari kwenye simu ya msomaji. Herufi za urembo hupakuliwa kama faili, na kila aina huongeza makumi ya KB bila kuongeza bei ya gunia.

Picha ndizo zinazovunja bajeti nyingi. Picha iliyopigwa na simu ya kawaida ya siku hizi inaweza kuwa na upana wa nukta 4,000 na uzito wa MB 3 au zaidi, ilhali kioo cha mteja hakihitaji upana huo. Ikipunguzwa hadi nukta 640 na kuhifadhiwa kwa mtindo wa JPEG au WebP, inaweza kushuka hadi KB 30 au 40 na bado maharage yakaonekana ni maharage. Kazi hiyo hufanywa kwa programu za bure, kwa muda usiozidi dakika moja kwa picha.

Mchoro utembee kwa sababu

Swali la pili ni mchoro gani utembee. Kanuni ni rahisi: kitu kitembee pale tu ambapo mwendo ndio ujumbe wenyewe. Jina la kikundi kuzunguka halimsaidii mtu yeyote. Hatua za kuzuia ugonjwa shambani ni jambo jingine.

Mfano ulio karibu na wananchi wa Kagera ni mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria. Ugonjwa huo uliripotiwa Uganda mwaka 2001 na ukaingia Kagera katikati ya muongo huo. Majani hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati, na zikikatwa huonekana zimeoza ndani. Hauna dawa ya kutibu. Wadudu hubeba bakteria kutoka ua dume moja hadi jingine, na panga la mkulima hubeba kutoka shina hadi shina.

Kinga yake ni vitendo, na vitendo huelezeka vizuri kwa mchoro. Mara chane ya mwisho inapojitokeza, ua dume huvunjwa kwa mti wenye panda badala ya panga. Vifaa hupitishwa kwenye moto au kuoshwa kwa dawa ya klorini kabla ya kuhamia shina jingine. Shina lililougua huondolewa, na miche haichukuliwi kutoka shamba lenye ugonjwa. Hizo ni hatua nne, michoro minne.

Zikitengenezwa kama video iliyopigwa shambani kwa dakika moja, hata kwa ubora wa chini wa biti 250,000 kwa sekunde, uzito utakuwa karibu MB 1.9. Zikitengenezwa kwa mtindo wa zamani wa GIF, ambao huhifadhi mfululizo wa picha za kila hatua ya mwendo, uzito unaweza pia kupita MB 1. Zikichorwa kwa SVG, kompyuta haihifadhi picha bali maelezo: chora mstari hapa, mduara pale, sogeza mti wenye panda juu, angusha ua. Mchoro rahisi wa namna hiyo unaweza kutosha ndani ya zile KB 40, na hauharibiki ukikuzwa.

Wazo la katuni za kilimo si geni. Mpango wa Scientific Animations Without Borders, ulioanzishwa mwanzoni mwa muongo wa 2010 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, na wataalamu Barry Pittendrigh na Julia Bello-Bravo, umetengeneza katuni fupi za mafunzo na kuzitia sauti za lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mojawapo inaonyesha jinsi ya kuhifadhi maharage kwenye dumu lisilopitisha hewa ili wadudu wakose pumzi. Katuni moja hutumika nchi nyingi kwa kubadilisha sauti tu, na nyingine ziliandaliwa kwa ukubwa unaoweza kurushwa kutoka simu hadi simu kwa Bluetooth.

Sauti ni nafuu kuliko video

Kubadilisha sauti kunaleta jambo jingine lenye faida kwa Ngara, ambako pamoja na Kiswahili kuna wazungumzaji wa Kihangaza na Kishubi. Sauti ya mtu anayezungumza, ikirekodiwa kwa biti 24,000 kwa sekunde, ina uzito wa KB 180 kwa dakika. Hiyo ni chini ya moja ya kumi ya video ile ya MB 1.9. Mchoro wa KB 40 ukiongezewa sauti ya dakika moja unakuwa katuni kamili kwa KB 220. Mzee asiyependa kusoma atasikiliza, na kijana atasoma.

Ila sauti isianze yenyewe. Iwekewe kitufe chenye maneno ya wazi, kwa mfano: "Sikiliza, dakika 1, KB 180." Mteja akiona gharama kabla ya kubofya, anaamua mwenyewe. Huo ni uungwana uleule wa kumwonyesha mteja mizani kabla ya kupima.

Nani aingie kwanza

Jambo linalosahaulika ni mpangilio wa vitu kuingia. Ukurasa mzuri huleta maandishi kwanza, halafu picha ya juu, kisha vingine kadiri msomaji anavyoteremka. Maandishi ya KB 30 kwenye mtandao ule wa biti 100,000 kwa sekunde huweza kufika kwa chini ya sekunde tatu. Maana yake ni kwamba, ingawa ukurasa mzima unahitaji sekunde 20, mteja ataona bei na namba ya simu mapema, na picha zitamkuta akiendelea kusoma.

Ili hilo liwezekane, fundi aagizwe mambo manne. Kwanza, picha za chini zisipakuliwe mpaka msomaji azifikie. Pili, kila picha itajwe upana na urefu wake ili maandishi yasirukeruke inapoingia. Tatu, seva ibane maandishi kabla ya kuyatuma, jambo linaloweza kupunguza uzito wake kwa zaidi ya nusu. Nne, simu ielekezwe kuhifadhi nembo na michoro ili mteja anaporudi asivilipie tena.

Aidha, wapo wanaotumia kivinjari cha Opera Mini, ambacho tangu miaka ya 2000 kimependwa kwa kubana kurasa na kuokoa bando. Huko michoro mingi haitembei. Kwa hiyo kila mchoro uwe na picha moja iliyotulia na maelezo yanayojitosheleza chini yake. Mchoro ukitembea ni faida, usipotembea ujumbe uwe umefika.

Pima kabla ya kulipa

Mkataba na fundi usiishie kwenye maneno "tovuti nzuri". Uandikwe kwamba ukurasa wa mbele hautazidi KB 250 na kwamba maandishi yataonekana ndani ya sekunde tano kwenye simu ya bei nafuu, sehemu ambayo kikundi kitaichagua. Malipo ya mwisho yasubiri kipimo hicho.

Kipimo kifanyike Murusagamba siku ya gulio, saa ambayo watu wengi wako hewani, na si ofisini kwa fundi. Simu ifutwe kumbukumbu za kivinjari kwanza, la sivyo itaonyesha ukurasa iliouhifadhi na kuwadanganya wote. Google nayo ina huduma ya bure iitwayo PageSpeed Insights, inayoonyesha vitu vinavyochelewesha ukurasa.

Bei isiyo na tarehe

Wepesi pekee hauuzi maharage. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000, mradi wa First Mile, ulioungwa mkono na Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo (IFAD) na Serikali ya Uswisi, ulifanya kazi na vikundi vya wakulima hapa Tanzania. Vikundi vilichagua watu wao wa kufuatilia masoko, wakapewa jina la utani la "shushushu". Walikwenda sokoni, wakauliza bei halisi na kupeleka taarifa kwa simu. Teknolojia ilikuja baada ya mtu wa kuaminika kupatikana.

Kikundi kisicho na shushushu wake kisijenge tovuti. Bei iliyoandikwa bila tarehe ni hasara inayomngoja mtu. Kila bei iwe na siku iliyochukuliwa, soko lilikotoka na kipimo kilichotumika, na kipimo hicho kiwe kilo. Gunia la lumbesa na gunia la kawaida haviwezi kukaa kwenye safu moja.

Ni vyema pia kukumbuka kwamba si kila mkulima ana simu janja. Wenye kitochi wapelekewe ujumbe mfupi, na redio itumike kutangaza anwani ya tovuti. Ngara ina Redio Kwizera tangu mwaka 1995, na redio hufika mahali ambapo bando halifiki. Kwa kikundi chenye wateja ishirini wanaofahamiana, kundi la WhatsApp linaweza kutosha. Tovuti inalipa pale kinapotafutwa na wanunuzi wasiokifahamu.

Jina, nywila na sheria

Anwani, iwe ya .co.tz kwa biashara au .or.tz kwa asasi, isajiliwe kwa jina la kikundi badala ya jina la fundi. Nywila ziwe mikononi mwa viongozi wasiopungua wawili. Ada ya kila mwaka ya anwani na ya seva iingizwe kwenye bajeti tangu mwanzo, kwani anwani isiyolipiwa huweza kuchukuliwa na mtu mwingine.

Picha za watu na namba zao za simu ziwekwe kwa idhini yao. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023. Kikundi kinachotaka kuchapisha pia habari za matukio kiulize kwanza Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kuhusu leseni, kwa kuwa tangu mwaka 2018 kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni.

Tangu mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, kasi ya intaneti nchini imekuwa ikiongezeka. Wapo watakaosema hakuna haja ya kubana uzito kwa kuwa kasi inakuja. Lakini barabara ikipanuliwa, mwenye mzigo mwepesi bado hutangulia kufika na hutumia mafuta kidogo.

Wakulima na wafanyabiashara wadogo wa Murusagamba na kwingineko wanaofikiria tovuti yao ya kwanza waanze na karatasi na kalamu. Waandike mteja anataka kujua nini, waandike KB ngapi watamtoza kwa kumjibu, ndipo wamwite fundi. Atakayekataa kufanya kazi ndani ya bajeti hiyo, atafutwe mwingine.